Barabara ya Miaka Kumi Nyuma ya Kituo

Januarius Salu hakuwa na shahada wala stashahada. Alikuwa na cheti kimoja cha kilimo na vyeti vitatu vya masomo ya jioni, vyote kwenye fremu. Hakuwa na gari. Hakuwa na mafuta ya pikipiki ya ofisi tangu mwezi wa nane. Hakuwa na jokofu la mbegu, maana lililokuwepo halikuwahi kuunganishwa na umeme, na mlinzi alikuwa akihifadhi humo viatu vyake vya mvua. Hakuwa na nywila ya mtandao wa wizara. Hakuwa na mtu wa kumwachia kazi yake. Mwaka huo, mpaka wiki ya pili ya Desemba, hakuwa na mvua. Na kwa kuwa alibakiza miezi kumi na minne kustaafu, hakuwa na muda.

Alichokuwa nacho ni kopo la maziwa ya unga lenye mbegu za pamba.

Kopo hilo lilikaa juu ya kabati katika kituo kidogo cha utafiti wa pamba, nje ya Bariadi, kwenye njia iendayo Sapiwi. Kituo kilikuwa na vyumba vitatu, tangi la maji, ekari tisa na watumishi wanne. Mbegu za kwenye kopo hazikuwa na jina. Katika kauntabuku za Januarius ziliitwa Namba Kumi na Saba. Alikuwa amezichagua shina kwa shina kwa misimu kumi na mmoja. Mmea wake ulikuwa mfupi, na majani yake yalikuwa na vinyweleo, hivyo chawa jani, yule mdudu mdogo wa kijani anayekausha pamba, hakupata pa kukaa, na mkulima hakulazimika kubeba bomba la dawa mgongoni kila baada ya wiki mbili. Tena uliweza kukaa siku thelathini na moja bila mvua na usidondoshe vitumba. Siku hizo Januarius alizihesabu mwenyewe.

Kopo lingekuwa gunia kama si jambo moja. Ardhi ya kituo ilikuwa ya majaribio yenye fedha, na Namba Kumi na Saba haikuwa na fedha, kwa hiyo ilipandwa kwenye nusu ekari ya Kwandu, mjane wa Sapiwi, ambaye aliitoa bure. Msimu uliopita, kwenye mkutano wa wakulima, Januarius alisimama na kueleza sheria ya pamba: tarehe ya mwisho ikifika, kila shina ling'olewe na kuchomwa, ili funza asipate pa kujificha mpaka msimu mwingine.

"Hakuna cha shina la nani," alisema. "Hata likiwa langu, choma."

Tarehe ilipofika, yeye alikuwa kituoni anasubiri mafuta ya pikipiki ili aende akamalizie kuvuna. Alichoka kusubiri, akaazima baiskeli, akafika Sapiwi siku ya tatu. Kwandu alikuwa ameshachoma kila kitu, pamoja na mistari kumi na minane ya Namba Kumi na Saba ikiwa na pamba juu yake. Alimwonyesha majivu kwa fahari. Januarius alimshukuru. Kilichokuwa ndani ya kopo ni kile alichowahi kuvuna kabla.

Mbegu hufa kimyakimya. Kila mwezi Januarius alichukua kumi, akazipasua kwa wembe. Iliyo hai huwa nyeupe ndani kama maziwa. Iliyokufa huwa ya kahawia. Mwezi wa sita zilizo hai zilikuwa nane katika kumi. Desemba zilikuwa sita. Ilibidi zipandwe msimu huo, na kwenye udongo mkavu mbegu ni chakula cha mchwa.

Mwezi wa Novemba alikuwa ameitwa Lamadi kwenye warsha ya siku tatu. Wizara ilikuwa imeamua kwamba fedha za utafiti zisitolewe tena kwa maombi ya mtu mmoja mmoja, bali kwa ramani. Ramani ingeonyesha ni teknolojia gani ya pamba itafutwe mwaka gani, kuanzia 2026 mpaka 2035. Kitu kisichokuwemo kisingepata chochote. Januarius aliliona jambo hilo kuwa la akili. Yeye mwenyewe alikuwa ameyapanga maisha yake hivyo: mwaka wa kujifunza hesabu, mwaka wa kujifunza Kiingereza, mwaka wa kujifunza kuandika ripoti. Alivaa koti.

Mshauri aliyeongoza warsha aliitwa Dakta Sylvester, mtu wa miaka arobaini hivi, mchangamfu, aliyekuja na projekta yake. Alimulika ukutani mshale mrefu wa bluu. Mshale ulianzia chini kushoto, ukapanda, ukapinda mara mbili, ukaishia juu kulia, na juu yake kulikuwa na maboksi kumi, kila mwaka boksi lake.

"Mzee wangu," alisema, "hii Namba Kumi na Saba yako iko ngazi ya ngapi ya utayari? Moja mpaka tisa."

"Iko shambani."

Watu walicheka. Januarius hakucheka, kwa sababu aliona amejibu.

"Ina data?"

"Ina kauntabuku kumi na moja."

"Kauntabuku siyo data, mzee. Data ni kitu kinachofunguka kwenye kompyuta."

"Hizi zinafunguka popote."

Walicheka tena, na Dakta Sylvester alicheka zaidi ya wote, kwani hakuwa mtu mbaya. Kisha maboksi yakaanza kujazwa. Mwaka 2026 uliwekwa tathmini ya mahitaji. Mwaka 2027, kujenga uwezo. Mwaka 2028, ziara za mafunzo. Ulifuata mwaka wa mapitio ya katikati, na mwaka wa kutathmini mapitio, na mwaka wa kuhuisha ramani. Januarius alinyoosha mkono. Aliomba mbegu iwekwe 2026, kwa kuwa ilikuwa tayari na ilikuwa inakufa.

"2026 imejaa," alisema Dakta Sylvester. "Lakini angalia 2033. Boksi zima liko wazi. Nakupa lote."

"Mwaka 2033 itakuwa imekufa."

"Ndiyo maana hapa 2032 tunaandika 'kuhifadhi'." Akaliandika, likaonekana ukutani. "Umeona? Hatujakusahau."

Mchana walikula sato wa kukaanga, na ramani ikapitishwa kwa makofi.

Barua ya wizara ya kuidhinisha ramani ilifika kituoni Ijumaa. Jumatatu asubuhi barabara ilikuwa nyuma ya kituo. Aliyeiona kwanza ni mlinzi, Maganga, na aliandika kwenye daftari la doria: *Barabara moja, mpya, ya changarawe. Hakuna kilichoibiwa.*

Ilianzia nyuma ya choo, mahali palipokuwa na ua wa miiba, ikapanda kuelekea vilimani, ikapinda mara mbili mle mshale ulimopinda. Kila baada ya mwendo wa robo saa palikuwa na jiwe jeupe lililoandikwa mwaka. Mkuu wa kituo aliifuata mpaka jiwe la pili akiwa na nakala ya ramani mkononi, akaona vinalingana, akapiga simu wizarani. Aliambiwa aitunze.

Kila jiwe lilikuwa na hali ya hewa ya mwaka wake. Kwenye 2026 palikuwa pakavu kama kituoni. Kwenye 2027 palikuwa na upepo. Kwenye 2028 mvua ilinyesha kutwa nzima, mvua ya kutulia isiyo na radi, na maji yalisimama kwenye mitaro. Kabla wiki haijaisha wanawake wa jirani walikuwa wakichota huko, na waendesha bodaboda walikuwa wamekubaliana bei ya dumu. Watu wazima walilalamika magoti. Ukipita jiwe unaongeza mwaka mwilini, na ukirudi unauacha palepale ulipouchukua. Mzee mmoja mwenye kiherehere alijaribu kwenda kuona 2030, akaanguka akafa jiweni. Mkewe alimvuta miguu mpaka 2029, akaamka, akaomba maji. Hakwenda tena.

Kando ya jiwe la 2028 nyasi zilifika kiunoni. Ng'ombe wa Sapiwi wakati huo walikuwa wanahesabika mbavu, lakini hakuna hata mmoja aliyeswagwa kwenda huko. Nyasi ndefu zisizo na alama ya kwato ni ngitili: kuna mtu amezifunga, zingoje kiangazi, na atakayezifungua ni yeye. Anayeingiza mifugo kwenye ngitili ya mwenzake hutozwa ng'ombe, na kibaya zaidi watu huacha kumsalimia. Maji hayafungwi, ndiyo maana yalichotwa. Wazee wa Sapiwi walikaa wakalizungumza, wakaona ngitili ile lazima ina mwenyewe, na mwenyewe ni ofisi. Walimtuma mtu kuomba. Mkuu wa kituo alimwambia yeye hana mamlaka hayo, na mjumbe akarudi akiwa ameridhika, kwa sababu sasa ilikuwa imethibitika kwamba mamlaka yapo.

Siku iliyofuata Januarius alichukua kopo lake akaenda kwa Kwandu. Alimkuta uani anageuza michembe juani.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Umekuja na kopo lako? Nilidhani utakuja na mvua."

"Mvua ipo. Iko 2028. Tukapande huko."

Kwandu aliyafuta mavumbi ya viazi mikononi, akamtazama. Alikuwa na miaka sitini na tatu. Jicho lake la kushoto lilikuwa halioni vizuri tangu bomba la dawa lilipompasukia usoni, msimu ambao chawa jani walikula tarafa nzima. Ndiyo sababu alikuwa ametoa nusu ekari bure kwa pamba isiyohitaji bomba.

"Ngoja nichukue jembe," alisema.

Walipita jiwe la 2026, wakapita la 2027, wakawa wanazungumza habari za mtoto wa Kwandu aliyehamia Lalago na ng'ombe wake wanne. Walipofika 2028 mvua iliwalowesha. Udongo ulikuwa mweusi, laini, wa kushikana kidogo mkononi. Januarius aliuminya, ukaacha alama za vidole. Akapasua mbegu kumi chini ya mwavuli. Nyeupe zilikuwa nne.

"Nne si haba," alisema. "Tukiweka mbegu tano kila shimo, hatukosi mche."

Kwandu alisimama barabarani. Hakukanyaga nyasi.

"Hii ni ngitili, baba Salu."

"Ni ya ofisi. Mimi ni ofisi."

"Wewe ni ofisi kama mimi nilivyo kanisa. Umepewa ruhusa?"

"Bado."

"Karatasi ya mwaka huu imeandikwa nini?"

Januarius aliijua ramani kwa moyo. "Ziara za mafunzo."

"Haikuandikwa pamba."

"Mayu, mvua hii hapa. Mbegu hii hapa. Jembe unalo. Tupande robo ekari tu, nani atajua?"

Kwandu alilishusha jembe begani, akaliegemea.

"Msimu uliopita ulisimama mbele ya watu ukasema tarehe ikifika tuchome. Ukasema hakuna cha shina la nani. Mimi nikaona pamba yako bado iko juu, nzuri, nikasema moyoni, huyu baba atalia. Nikachoma. Watu wote walichoma kwa sababu walinitazama mimi. Leo unanifundisha kuiba?"

Mvua ilitiririka kwenye kifuniko cha kopo.

"Nenda kaombe," alisema Kwandu, kwa upole. "Mwaka wako ni upi kwenye hiyo karatasi?"

"2033."

"Basi kaulizie huko. Mimi nakungoja hapa. Mvua hii ninaipenda, na miaka mingine sina haja nayo."

Januarius akaendelea peke yake. Kwenye 2030 akavua koti. Kwenye 2031 akaokota fimbo. Mawe ya huko hayakuwa na watu, isipokuwa mahema meupe machache ya mikutano yaliyosahauliwa, yenye viti vimepangwa ndani na chupa za maji zisizofunguliwa mezani. Alipofika 2033 alikuwa mzee wa miaka sitini na sita mwenye kuhema.

Palikuwa na uzio mzuri wa waya, na bango: MRADI WA UZALISHAJI WA MBEGU NAMBA 17. Ndani ya uzio ardhi ilikuwa imelimwa, imesawazishwa, tupu. Msichana mkubwa aliyevaa kitambulisho shingoni alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kishikwambi mapajani. Kitambulisho kilisema Elina. Alisimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Umeleta mbegu?"

Januarius alimpa kopo. Elina alilipokea kwa mikono miwili, akatoa wembe mfukoni, akapasua kumi juu ya mfuniko. Zote zilikuwa za kahawia. Akapasua nyingine kumi. Alikuwa na mkono mzuri wa kazi. Januarius aliliona hilo hata katika hali ile.

"Pole, baba," alisema. "Nimekaa hapa tangu mwaka ulipoanza, nikisema leo italetwa, kesho italetwa. Bibi yangu alikuwa mkulima wa pamba, Lalago. Nilitaka kuiona ile isiyokaliwa na chawa jani."

"Ukirudi nami mpaka 2028 utaona nne katika kumi ziko hai."

"Kule mvua ipo, nasikia. Mbona hukuipanda kule?"

"Ni ngitili."

Elina aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mtoto wa Kisukuma na hakuhitaji maelezo. "Ya nani?"

"Ya ofisi."

"Basi iombe ofisi. Masijala iko 2035, mlango wa kwanza. Mimi siwezi kukuruhusu kitu nje ya boksi langu." Alimrudishia kopo, kisha akakumbuka jambo, akaandika kwenye kishikwambi. "Nimeweka kwamba mbegu imepokelewa. Itasaidia kwenye ripoti."

Barabara iliishia 2035, mbele ya jengo refu la vioo lenye kiyoyozi. Upande wa kulia, nyuma ya kioo, warsha ilikuwa inaendelea. Dakta Sylvester alikuwa amesimama mbele, kichwa chote cheupe, mchangamfu vilevile, na ukutani palikuwa na mshale wa bluu wenye maboksi kuanzia 2036 mpaka 2045. Alimwona Januarius akampungia mkono. Januarius naye akampungia.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa masijala. Karani, mtu mnene mwenye kofia ya darizi aliyejitambulisha kwa jina la Hashimu, alimkaribisha kiti na kumpa maji.

"Nimekuja kuomba kibali," alisema Januarius. "Robo ekari, mwaka 2028."

"Jina?"

"Januarius Salu, Bariadi."

"Ah. Yako ilishafika." Hashimu aliingiza mkono kwenye trei iliyofurika bahasha, akachomoa moja kutoka chini kabisa bila kuangusha nyingine. Ilikuwa ya kaki, imefifia kwa jua la dirishani. Anwani ilikuwa kwa mwandiko wa Januarius, ule aliojifunza kwenye masomo ya jioni, wenye herufi zinazolala kulia. Kwenye kona palikuwa na doa la wino la kidole gumba. Stika nyekundu ya HARAKA ilikuwa imebandikwa kombo. Ilikuwa haijafunguliwa.

"Hii sijaiandika," alisema Januarius.

"Utaiandika."

"Kwa nini haijafunguliwa?"

"Barua za kibali zinafunguliwa na kikao, mzee. Na kikao kinasubiri ramani mpya ipite." Hashimu alionyesha kwa kidevu upande wa kioo. "Wako karibu kumaliza."

"Imekaa hapa muda gani?"

"Imepokelewa Januari 2026. Iko kwenye rejista."

Januarius aliomba aishike. Hashimu alimpa. Aliitikisa karibu na sikio, akasikia ndani mchakacho mkavu, kama wa njegere kwenye kibuyu. Alijua ni mbegu, na alijua zina rangi gani.

"Na nisipoiandika?"

Lilikuwa swali la haki. Hashimu akafunua rejista, akaupitisha mkono kwenye mstari, akaifunga.

"Sijui, mzee wangu. Lakini tumeshaipokea."

Kingo za bahasha zilikuwa zimekauka. Ukucha ungetosha kuifungua. Hashimu aligeuka kujaza birika maji, akachukua muda mrefu kuliko birika lilivyohitaji. Alipogeuka tena, barua ilikuwa imerudi kwenye trei, chini kabisa, na Januarius alikuwa amesimama, kofia mkononi, anaaga.

Kurudi kulikuwa kwepesi. Maumivu ya magoti yalimwacha, goti moja baada ya jingine. Kwenye 2029 aliitupa fimbo. Kwandu alikuwa palepale, amelowa mpaka mifupa, uso umeelekezwa juu. Karibu na miguu yake, hatua moja ndani ya nyasi, palikuwa na mahali pa duara ambapo udongo ulikuwa umefukuliwa kisha ukarudishiwa na kusawazishwa kwa kiganja.

Januarius alimsimulia yote, na mbegu za kahawia, na trei. Kwandu alisikiliza bila kumkatiza.

"Nilichimba shimo moja," alisema alipomaliza. "Nikalifukia."

"Ungechimba kumi ningepanda."

"Na wewe ungeifungua barua yako ningeyachimba."

Hawakulaumiana zaidi ya hapo. Januarius alipasua mbegu kumi kwa mazoea, na nyeupe zilikuwa nne. Wakashuka. Karibu na jiwe la 2027 Kwandu aliikamua kanga yake kwenye shina la mche wa mgunga uliokuwa unakauka kando ya njia, kwa sababu maji hayafungwi.

Mvua haikunyesha Bariadi wiki hiyo wala iliyofuata. Krismasi ikapita. Barabara ilizoeleka, halmashauri iliweka tuta kabla ya choo ili bodaboda zipunguze mwendo. Maganga aliacha kuiandika kwenye daftari la doria. Wazee wa Sapiwi walimtuma mjumbe mara ya pili kuulizia ngitili, na mkuu wa kituo alimjibu kwamba suala liko ngazi ya juu. Ng'ombe saba walikufa kwenye mashamba yanayotazamana na zile nyasi, vichwa vimeelekea huko. Nyama yao iligawanywa vizuri.

Tarehe tano Januari Januarius alinawa mikono kwa sabuni, akakaa mezani. Alinunua kalamu mpya ili lisiwepo doa. Aliandika kwa mkono, kwa kuwa hakuwa na nywila. Aliandika kwa heshima na kwa usahihi: kumbukumbu ya ramani, ukurasa, boksi; mbegu ni ipi, imetoka wapi, inaweza nini; kwamba kwenye jiwe la 2028 kuna ardhi nyeusi na mvua ya kutosha; kwamba wananchi wa Sapiwi hawaingii kwenye ngitili ya mtu, na yeye pia haingii; kwamba anaomba robo ekari kwa miezi sita. Aliandika kwamba jambo hili ni la dharura, akapigia mstari neno la dharura, kisha akaona mstari si wa adabu, akaiandika upya barua yote. Alihesabu mbegu mia moja za sampuli akazifunga kwenye karatasi. Kabla ya kuzifunga alipasua kumi za mwezi. Zilizo hai zilikuwa tano.

Alipokuwa anaandika anwani ya masijala, kalamu mpya ilivuja. Alifuta kwa kidole gumba, na doa likakaa kwenye kona. Alilitazama kwa muda, akapaka gundi, akaifunga bahasha, akaibana chini ya kauntabuku kumi na moja mpaka ikauke.

Posta ya Bariadi haikuwa na foleni. Dirishani alikuwepo Maftaha, ambaye baba yake alikuwa na duka la vitambaa sokoni, na ambaye Januarius alimfahamu tangu anajifunza kutembea.

"Shikamoo, mzee Salu. Ofisini bado mnaandika kwa kalamu?"

"Marahaba. Bado."

Maftaha aliipima bahasha mkononi, ikachakacha. "Kuna nini humu, njugu?"

"Mbegu."

"Iende kawaida au haraka? Kwa haraka itafika wiki hii. Kawaida siwezi kukuahidi."

"Itafika," alisema Januarius. "Weka ya haraka."

Maftaha alibandua stika nyekundu kwenye karatasi yake, akaibandika. Ilikaa kombo. Akataka kuibandua ainyooshe.

"Iache," alisema Januarius. "Ndivyo inavyokaa."

Maftaha akaigonga muhuri mara mbili, akaitumbukiza kwenye mfuko, akafunga mdomo wa mfuko kwa kamba.